Marekebisho Kumi na Tisa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Mwalimu Nehemiah Wandera aliikagua klarineti ya shule kama mama anavyomkagua mtoto anayekwenda kanisani. Leo tundu moja lilivuja. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakibandika chini ya kibonyezo, akapuliza. Sauti ikatoka safi.

Ilikuwa 1975, na klarineti katika shule ile ya wasichana ya Nyeri ilikuwa hii moja tu. Phelister, binti wa konstebo mmoja wa polisi, angeipiga katika mtihani wa muziki Jumanne. Akipita, angeingia chuo cha ualimu. Wandera alikuwa ameacha bendi ya polisi ili afundishe, na kwa miaka yote ya kufundisha hakuwahi kupata mwanafunzi kama huyu.

Saa nne lori la wilaya likaingia. Kingori, ofisa wa stoo, alikuja kuteketeza vifaa vikuukuu vya serikali. Madawati mabovu yalikwisha kurundikwa nyuma ya jiko na kumwagiwa mafuta taa. Akapitia orodha yake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, leta hiyo filimbi."

"Inalia vizuri, bwana."

"Sijakataa. Lakini ni wewe umeandika hapa: imerekebishwa mara kumi na tisa. Ikipita mara tano, inachomwa."

Wandera akaitazama fomu. Bendi ilimfunza kuandika kila kitu: nta ya mshumaa, kizibo cha chupa, uzi wa kushonea, tarehe na sahihi. Tena aliijaza kwa majivuno, akidhani wakubwa wataona jinsi alivyoitunza mali yao. Kumbe alikuwa akijichongea.

"Mtoto yuko na mtihani Jumanne. Choma Jumatano."

"Petroli nimepewa ya leo. Nikitoka hapa niko na shule ya Endarasha."

"Basi nipe ingine mpya."

"Hiyo ni fomu ingine, inaenda Nairobi. Labda mwaka ujao, ati wakikumbuka."

Kingori hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kurudi ofisini na orodha yenye pengo, basi, na alikuwa na watoto wake wa kusomesha.

Wandera akapanda juu ya rundo la madawati, akaketi, suruali ikalowa mafuta taa. Akamwita Phelister, aliyekuwa akichungulia kwenye mlango wa jiko, akampa klarineti.

"Simama hapo kwenye nyasi. Piga ule wimbo wa mtihani, kutoka mwanzo. Usiharakishe."

Msichana akaweka vidole kwenye matundu, akaanza kupiga. Wapishi wakatoka na miiko mikononi. Kingori akasimama na kiberiti chake, mara anasikiliza, mara anatazama saa, hata wimbo ukaisha.

"Ni vizuri, mwalimu," akasema kwa upole. "Sasa shuka."

Wandera hakumtazama.

"Mstari wa tatu umekimbia," akamwambia Phelister. "Rudia."