Utepe wa Rangi ya Fedha

Mama Keki hakuwahi kushindwa na utepe. Maua ya sukari yalishamtoa jasho, ghorofa za keki zilishamwinamia, lakini utepe ndio uliompa jina mjini. Alikuwa akisukuma fondanti, ule unga wa sukari uliokandwa ukalainika, mpaka iwe nyembamba kama kitambaa, akaikata vipande virefu. Kisha alichanganya unga wa kung'aa na matone ya pombe kali, akafumba jicho la kulia kama seremala anayekagua ubao, akapaka kwa brashi mpaka mtu aape kuwa lile ni bati lililong'arishwa. Sasa kesho binti yake wa pekee anaolewa. Amekataa keki za maduka yote, anataka ya mkono wa mama yake, yenye utepe wa rangi ya fedha. Na utepe wenyewe, siku hiyo ya siku, umegoma.

Ulikuwa unatoka wa manjano. Alilaumu unga wa kung'aa, akafungua kopo jipya. Manjano. Akalaumu pombe, akanusa chupa, akabadilisha. Manjano vilevile, kama uliopakwa samli. Ikabidi afanye wanavyofanya mafundi: tone la rangi ya buluu kuua umanjano. Likaongezwa lingine, na lingine, mpaka jicho lake la kazi likaona fedha safi. Akauzungusha utepe kwenye ghorofa zote tatu.

Binti alipita asubuhi hiyo, akaitazama keki kitambo. "Nzuri, mama," akasema, akambusu na kutoka mbio. Moyo wa Mama Keki ukatulia.

Adhuhuri akaingia wifi yake, dada wa mumewe, mtu ambaye asipomtania mtu chakula hakimshuki.

"Wifi, si tuliambiwa fedha? Mbona buluu?"

"Umeshaanza."

"Sitanii. Buluu kabisa, kama sare ya shule."

"Wivu huo. Wewe harusi yako ulikatiwa mkate."

Wifi hakucheka, na hapo ndipo Mama Keki alipoanza kuingiwa na wasiwasi. Akachukua kijiko cha chuma akisogeze karibu na utepe, amwumbue. Akafumba jicho, akatazama. Kijiko nacho cha manjano! Akakiosha, akakisugua mpaka vidole vikamuuma. Bado.

"Hiki kijiko kina nini?"

"Kina nini wapi? Cheupe pee. Ila wewe, mbona unakikonyeza?"

"Nakitazama."

"Kitazame basi kwa jicho hilo lingine."

Akabadilisha jicho, kumridhisha tu. Kijiko kikawa cheupe. Akaigeukia keki, na keki ikawa buluu, tena buluu isiyo na haya. Akafumba la kulia, ikarudi fedha. Akafumba la kushoto, buluu. Alisimama hapo akifumba hili na kufumbua lile, asijue aamini lipi. Binti kasema nzuri. Wifi kasema buluu. Na macho yake mwenyewe, aliyozaliwa nayo, hayasikilizani.

"Wifi," alisema taratibu, "nadhani jicho langu limeharibika."

Akavuta kiti, akakaa. Aliogopa, tena sana. Ni keki ngapi za watu zimetoka mikononi mwake hivi? Ni maharusi wangapi wamenyamaza kwa heshima? Lakini ya wengine yamepita, ya mwanawe ni kesho. Akachukua kisu, akaanza kubandua utepe wa ghorofa ya chini.

"Acha, mama."

Binti alikuwa mlangoni, anahema, ana mfuko mkononi. Akaumimina mezani: mishipi ya kiunoni ya wasindikizaji wake, bado ina joto la pasi ya fundi cherehani.

"Nimebadilisha," alisema. "Nimechoka na hiyo fedha."

Mama Keki aliokota mshipi mmoja, akaushikiza kwenye keki na kuutazama kwa jicho la kulia. Buluu ileile, haikupishana hata kidogo. Kumbe huko ndiko alikokimbilia asubuhi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu keki ya jirani. Waridi alilotaka lilitoka zambarau."

"Na hukuniambia?"

"Ungejua, ungekataa kunipambia."

Kweli angekataa. Angempeleka kwa fundi mwingine, tena angemlipia. Mama Keki akaweka kisu chini.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho," binti akasema. "Mchumba wangu nimeshamwambia fungate letu linaanzia hapo, na amekubali."

"Maskini," wifi alisema, "ameoa familia nzima."

Mama Keki alitaka kucheka akashindwa. Akamvuta mwanawe kifuani, mikono bado imejaa ule unga wa kung'aa, akalia.