Mkwe Mwenye Haya

Acheni nijiseme mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayenisema.

Mimi Ghumur, kwa miaka kumi na moja mama mkwe wangu, Takamat, hakuwahi kuuona mdomo wangu. Hapa Timia, kijijini kwetu jangwani, mwanamume anayejiheshimu hamwonyeshi mkwewe mdomo. Chai naipitisha chini ya kilemba, maana kilemba chetu hufunika mpaka pua, ugali wa uwele nala nimempa mgongo. Hema ninalolala ni la binti yake. Neno moja tu la mama, nalala mchangani na mbuzi. Lakini si hema nililohofia. Yule mama alikuwa akinisifu mbele ya wenzake kisimani: "Mkwe wangu ana haya." Nilipenda kusifiwa jamani, sikatai.

Mwaka jana nikampeleka bustanini mgeni mmoja wa Kijerumani, Birgit, mama wa makamo mwenye kamera. Mimi ndiye kiongozi wake na mkalimani wake. Chini ya mikomamanga akaniambia, "Ghumur, hebu nikuone ukicheka, mara moja tu." Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikashusha kilemba, nikacheka meno yote nje kama punda aliyeona majani. Ujinga mtupu! Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu kuambiwa mzuri.

Juzi Birgit akarudi. Tukaketi hemani kwa Takamat, birika juu ya makaa, mke wangu Dassin akimimina chai.

"Leo umejifunga mpaka kope," Dassin akanichokoza. "Unaogopa nzi?"

"Hebu mwache mwenzio," mama akamkemea. "Haya haijamuua mtu."

Ndipo Birgit akatoa bahasha kubwa, akamwekea mama picha mapajani. "Mwambie ni zawadi. Mwambie sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hii."

Mimi huyo, kilemba kidevuni, nacheka! Dassin akaacha kumimina. Mama aliitazama picha, akaitazama, kisha akavuta ukaya akajifunika mdomo wake mwenyewe.

"Muulize mgeni," akasema polepole, "huyu ni nani? Mimi simjui. Mkwe wangu sijawahi kuuona mdomo wake, nitamtambuaje?"

Kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Nikatafsiri.

"Lakini ni wewe!" Birgit akacheka. "Ghumur, si ni wewe?"

Mama alikuwa amenifungulia mlango wa kukana, ila kupita hapo ni kumkanyaga mgeni. Nikamkanyaga. "Si mimi, Birgit. Umenichanganya na mwingine."

Birgit akaichukua picha mapajani mwa mama, akanitazama macho, akaitazama tena. Uso ukamwiva. "Samahani," akasema. "Nimeanza kuzeeka. Unisamehe sana." Mtu katoka kwao na zawadi mkononi, yeye ndiye anaomba radhi! Na mimi nikamjibu, "Usijali." Usijali! Mungu ananiona.

Jana nilimsindikiza hadi kwenye gari, wawili tu, njia nzima. Nafasi ya kumwambia kweli nilikuwa nayo. Nikamweleza habari za machungwa ya bustanini.

Mama mkwe bado ananiita mwanangu, bado glasi ya kwanza ni yangu. Ila zamani nilipoinua glasi aliendelea na maneno yake huku ananitazama usoni, kwa kuniamini kuwa sitauonyesha mdomo. Sasa nikigusa tu kilemba, yeye ndiye anayegeuka kwanza.