Memori Mpya ya Laptop ya Baba

Kwanza tuseme ukweli, ile laptop ilikuwa mzigo. Ukiiwasha unaweza kuchemsha chai, ukainywa, na kikombe ukakiosha, ukirudi unakuta kijiduara bado kinazunguka. Mzee, mpima ardhi mstaafu, alishaipatia dawa yake: haizimi. Akimaliza kuandika anashusha kifuniko, na kesho yake anakinyanyua na kuendelea palepale alipoachia. Programu kubwa ya kuandikia nayo ilikuwa inaigandisha, kwa hiyo aliandikia kwenye ile ndogo kabisa, ile ambayo wengine huandikia orodha ya sokoni.

Alikuwa anaandika habari za mkewe. Marehemu alifariki binti yao akiwa na miaka mitano, na tangu hapo, miaka thelathini na mmoja, mzee hakuwahi kufungua kinywa juu ya ile wiki ya mwisho. Binti akiuliza, mzee anakumbuka ana kazi nje. Utotoni binti alidhani labda kosa ni lake. Ukubwani, akiwa mshonaji mwenye cherehani yake pale pale sebuleni, alishaacha kuuliza, lakini hamu ya kujua haikumtoka hata siku moja.

Ndipo macho ya mzee yakaanza kumtupa. La kulia lilitangulia. La kushoto daktari alilikadiria miezi sita. Mzee alitoka hospitali akanyoosha moja kwa moja hadi kwenye meza ya dirishani, akakuza herufi zikawa kubwa kama vifungo vya koti, akaanza kugonga kwa vidole viwili.

"Usisome mpaka nimalize," alimwambia binti. "Nikimaliza nitakuita mwenyewe, mwanangu. Yote yamo humu."

"Sawa, baba."

Na neno lake alilishika. Miezi mitatu alikaa hatua nne kutoka kwenye meza ile, akishona sare na mapazia, asichungulie hata mstari mmoja. Alichosikia ni mzee kugonga, kusubiri herufi zitokee, kisha kuguna. Kila mguno ulimchoma, maana aliona mashine inakula siku za jicho la baba yake bure.

Kwa hiyo mzee alipolazwa siku tatu kutibiwa hilo jicho lililobaki, binti alikwenda kwa fundi wa kompyuta waliyemwita Bisibisi. Fundi alitazama, kwenye simu ya binti, picha ya karatasi iliyobandikwa tumboni mwa laptop, akatoa kibao cha kijani, chembamba, kisichozidi urefu wa kidole.

"Memori hii itaifanya ikimbie. Ilete nikuwekee, dakika tano tu."

"Haitoki nyumbani hiyo. Nieleze, nitaweka mwenyewe."

"Haya. Izime, chomoa betri, halafu shika chuma kwanza, mikono yako isije ikaiunguza kwa umeme."

Kazi hiyo akaifanya asubuhi, jua likiwa limejaa mezani. Alitandika kitambaa, akaiweka laptop juu yake. Izime, aliambiwa. Akaitazama: kifuniko kimeshuka, haivumi, haina joto. Basi imezimwa, akaona. Kwa pembeni kitaa kidogo kilikuwa kinawaka na kufifia polepole, akadhani ni cha chaji. Kunyanyua kifuniko ahakikishe kungekuwa kuchungulia, na yeye aliahidi. Akaipindua, akachomoa betri. Kitaa kikazimika.

Akashika nondo ya dirisha. Akafungua skrubu moja moja, akiziweka kwenye kopo lake la pini. Vibanio viwili alivisukuma pembeni kwa kucha, kibao cha zamani kikainuka chenyewe. Kipya akakiingiza kikiwa kimeinama, akakibonyeza taratibu mpaka kikalia ka! Kwa mtu anayetunga uzi kwenye sindano tangu ujana wake, kazi yenyewe ilikuwa mchezo. Akairudishia betri, akaiwasha, na ikawaka kabla hajakaa vizuri. Hakugusa kitu. Alijua maandishi ya mzee yako mahali pake humo ndani, akashusha kifuniko huku akicheka peke yake.

Mzee alirudi amemshika binti bega. Jicho lilikuwa limegoma. Daktari sasa hakutaja miezi, alitaja wiki.

"Nimebakiza kidogo tu," alisema hata kabla ya kuvua viatu. "Nimefika ile siku yenyewe. Leo namaliza, halafu utanisomea wewe."

"Fungua basi, baba. Nimekuwekea kitu."

Mzee akafungua, akabonyeza. "He! Mbona inakimbia hivi?"

"Nimeibadilishia memori. Kwa mikono yangu!"

"Mikono ya mama yako hiyo," mzee akasema, akacheka. Neno hilo hakuwahi kumwambia, na binti alilisikia mpaka kifuani. Kisha mzee akasogeza uso, pua ikakaribia kugusa kioo. "Karatasi yangu iko wapi?"

"Si imo humo humo?"

"Huwa iko wazi. Nikifunua, ipo."

Wakatafuta. Binti alifungua kila kitu kilichofunguka, akatafuta kwa jina la mama yake, kwa jina la baba yake, kwa tarehe. Mwishowe akampigia Bisibisi, akaweka simu mezani.

"Mzee alikuwa anahifadhi?" fundi akauliza. "Kubonyeza pale pa kuhifadhi, kuipa jina?"

"Jina la nini?" mzee akajibu. "Mimi nilikuwa nashusha kifuniko tu."

Fundi akashusha sauti. "Basi haikuwa imezimwa, mzee wangu. Ilikuwa imelala, na betri ndiyo iliyokuwa inayashikilia maandishi yako. Ilipochomolewa... pole sana."

Binti alielewa upesi kuliko alivyotaka. Mshonaji kabla ya kushona nguo hupiga bandi, ule mshono wa muda ambao ukivuta uzi unaachia wote. Kazi ya baba yake ya miezi mitatu ilikuwa imepigwa bandi tu, na mvuta uzi alikuwa yeye.

"Nisamehe, baba."

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Ulisoma hata kidogo?"

"Hapana. Ulinikataza."

"Hata ukurasa mmoja? Sitakasirika."

"Hata mstari, baba."

"Mtoto mtiifu," mzee akasema, akamtafuta mkono mezani na kuupigapiga. Binti angeona afadhali kofi.

Akavuta kiti, akafungua ukurasa mtupu. "Niambie mimi, nikuandikie. Mikono yangu ina mbio, wewe sema tu."

"Yangekuwa ya kusemeka, ningekuambia zamani."

"Jaribu, baba. Tafadhali."

Mzee akafumba macho yote mawili. "Haya. Anza na jina lake."

Binti akaandika jina la mama yake. Akalihifadhi. Mashine ilimaliza kabla hajainua kidole.

"Jumatatu ile mama yako aliamka," mzee akasema, na binti akaandika. Midomo ya mzee ikaendelea kidogo bila sauti. Binti akasubiri, vidole juu ya vitufe, wala hakuthubutu hata kukohoa. Chai yao mezani ikapoa. Mzee akapapasa ukingo wa meza, akasimama.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimekumbuka nina kazi nje."

Akatoka akishika ukuta, akaukosa mlango mara moja, akaupata. Binti akabaki na yale maneno machache kwenye kioo. Akabonyeza kuhifadhi, kisha akabonyeza tena.