Makofi ya Tusekile

Siku ya kufunga shule, wakati wenzake wa darasa la nne wanajipanga mstari uwanjani na nguo zilizopigwa pasi ya mkaa, Tusekile alikuwa jikoni nyuma ya shule akinyonyoa kuku. Kuku walikuwa wa Mkaguzi wa Shule, Mzungu aliyetazamiwa kufika kutoka Mbeya mjini kama mvua ingemruhusu kupandisha mlima wa Iyunga. Mwalimu Filemoni ndiye aliyempa Tusekile kazi hiyo. Alimwambia kwamba shule nzima haina mwenye mkono safi kama wake, na maneno hayo yalimpendeza Tusekile mpaka alipofika kwa kuku wa pili, ndipo akaanza kuyatafakari.

Maana sherehe ilikuwa yake, na kila mtu alijua. Mwaka mzima, Mwalimu alipopatwa na homa, au alipokwenda kilabuni akarudi na kitu kinachofanana na homa, Tusekile ndiye aliyesimama ubaoni akafundisha hesabu. Kwenye mtihani wa mwisho waliulizwa habari za tangi. Bomba hulijaza kwa saa tatu, na tundu lililo chini yake humaliza maji yote kwa saa sita. Je, bomba likifunguliwa na tundu lisizibwe, tangi litachukua saa ngapi kujaa? Tusekile alijibu saa sita. Lea, binti wa Jumbe Mwandemele, alijibu kwamba halitajaa mpaka aitwe fundi. Waliobaki waliruka hilo swali wakaenda kwenye la ng'ombe.

Na aliyekuwa wa kwanza hakuwa anangojewa na sifa tu. Shule ya kati ya wasichana, huko upande wa Iringa, ilikuwa imetoa nafasi moja kwa shule yao, ya msichana atakayewashinda wote. Angelala huko, angekula huko, na lori la misheni lingempitia Januari. Tusekile aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Baba yake alikuwa mbali, akipasua mbao Mafinga, naye aliishi na bibi yake. Alikwisha hata kumchagulia Bibi mtoto wa jirani wa kumtekea maji.

Shule yao ilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi wa tatu alipigiwa makofi ya kawaida, wa pili akaongezewa vigelegele. Wa kwanza alipigiwa makofi ya mvua. Watu huanza wote kwa kidole kimoja kwenye kiganja, polepole, manyunyu hayo. Kisha vidole viwili, kisha vitatu, mpaka mkono mzima, na hapo hata wazee waliokuja kwa ajili ya wali husimama. Tusekile alikuwa ameyapiga makofi hayo kwa ajili ya watu wengine tangu darasa la kwanza, na mwaka huu alikuja na kiu ya kuyasikia akiwa upande wa pili.

Ukuta wa jiko ulikuwa wa mianzi, na katikati ya mianzi palikuwa na nafasi ya kutosha jicho moja. Akamwona Mkaguzi amekaa chini ya turubai. Akamwona Premji, mwenye duka mjini, amepakata blanketi jipya la zawadi. Akamwona Mwalimu Filemoni anasimama mbele na soksi ndefu.

"Wa kwanza," Mwalimu akasema, akakohoa, akatupa jicho kwenye paa la nyumba yake, "ni Lea binti Mwandemele."

Paa hilo lilikuwa la nyasi na lilikuwa linavuja. Masika yaliyopita Mwalimu alilala na beseni juu ya tumbo, na Jumbe alikuwa amemwahidi mabati. Hayo nayo kila mtu aliyajua. Kuku alimponyoka Tusekile akaangukia kwenye majivu. Moyo ulimuuma hasa, ukamuuma mpaka kwenye meno; kisha akamwokota kuku, akamwosha upya.

Uwanjani watu wakaanza makofi ya mvua kwa kidole kimoja. Hakuna kilichosikika. Wakaongeza cha pili, cha tatu, wakafika kwenye viganja, wakapiga mpaka viganja vikawaka moto, na uwanja ukabaki kimya kiasi kwamba mtu wa mbele alisikia tumbo la Mkaguzi likinguruma. Sauti ilikuwa imekwenda jikoni. Ilianza kama manyunyu juu ya kifuniko cha sufuria, ikashuka kwenye mafiga, ikajaza jiko zima, ikamzunguka Tusekile kwa vishindo mpaka manyoya ya kuku yakaruka darini. Tusekile alingoja yaishe, halafu akaongeza kuni.

Mkaguzi alifurahi mno. Alisema amezunguka jimbo zima na hajakuta watoto wenye adabu kama hawa, wanaopiga makofi bila kelele, na kwamba ataipendekeza desturi hiyo kwa shule nyingine. Premji alimkabidhi Lea blanketi huku sikio lake moja limeelekea jikoni. Lea naye alikuwa amegeuka huko.

"Baba, makofi yangu yamekwenda kule," akasema.

"Nyamaza," Jumbe akamwambia. "Mgeni anataka kula."

Jioni ile makofi yalimfuata Tusekile nyumbani. Hayakupiga ovyo. Yalipiga pale tu alipofanya jambo likawa sawasawa, na alipokosea yalinyamaza, bila kumzomea. Akifunga mzigo wa kuni ukakaa vizuri, yalipiga kidogo. Akisonga ugali ukaiva, yalipiga. Bibi akaacha kuonja, akawa anasikiliza tu. Ugali ukitoka na madonge kulikuwa kimya kabisa, na Bibi alikuwa anajua kabla sahani haijafika.

"Ndaga," Bibi aliyaambia usiku wa kwanza, kuyashukuru kwa lugha ya kwao, kwani mgeni hata asipoalikwa hushukuriwa. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Ila uyaambie, mama, kanisani yakae nje."

Hayakukaa nje. Jumapili katekista aliuliza swali lake la kawaida, Tusekile akajibu, na makofi yakavuma mpaka mishumaa ikayumba. Katekista alingoja, akasema amina, akaendelea. Kuanzia hapo alimwuliza Tusekile swali la mwisho, ili watu watoke wamechangamka.

Mambo yangeweza kuishia hapo kama si kunguru. Mahindi yalikuwa yamepandwa juzijuzi, na kunguru wa mlima ule hawana subira. Hufukua mbegu kabla mwenye shamba hajafika nyumbani na jembe lake. Asubuhi moja Tusekile alikuwa shambani kwa Bibi, akajiuliza hesabu moja kwa sauti ili kupoza uchungu. Akaijibu. Makofi yakalipuka, na kunguru wote wakaruka wakaenda kukaa shamba la jirani. Jirani alikuja mchana kuuliza kama Tusekile anaweza kujiuliza nyingine akiwa upande wa kwake. Kufikia Krismasi alikuwa anazungushwa mashamba ya kijiji kizima, na ngedere nao wamehama. Watu walimsifu Bibi kwa malezi.

Jumbe Mwandemele ndiye pekee aliyenuna. Kunguru waliofukuzwa kote walikuwa wamehamia kwake, lakini si hilo alilolalamikia. Aliitisha baraza barazani kwake na kusema kwamba makofi yaliyopigwa hadharani kwa jina la binti yake yanaishi nyumbani kwa mtu mwingine, na kwamba yeye kama baba anayataka.

Wazee waliona shauri lina msingi. Wakamwita Tusekile na Bibi, wakamwita na Mwalimu Filemoni. Lea alikuja na kapu, kwa kuwa hakuna aliyejua makofi hubebwa kwa chombo gani.

"Mwanangu," Jumbe alimwuliza Tusekile, kwa upole kabisa, "uliyachukua makofi ya mwenzako?"

"Sikuyachukua, baba. Yalikuja yenyewe."

Manyunyu yakasikika juu ya kapu, yakaacha. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwamba jibu limepita. Wakamwambia akung'ute kitenge chake juu ya kapu. Akakung'uta, ikatoka punje ya mahindi. Wakamwambia Lea asimame mahali pa Tusekile na Tusekile asimame mahali pa Lea. Wakabadilishana mara kadhaa, mpaka mzee mmoja, aliyekuwa amesinzia tangu mwanzo, akaamka na kuuliza swali ambalo wenzake walikuwa wakilizunguka kama shimo la choo.

"Kwani hasa, wa kwanza alikuwa nani?"

Mwalimu Filemoni aliinama akafunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imefungwa, ikabidi aifungue kwanza.

"Mimi," akasema Tusekile.

Yakaanza kidole kimoja. Yakaenda cha pili, cha tatu, hayakuruka hata hatua, yakafika kwenye viganja, na baraza lote likatetema, masizi yakadondoka kutoka kwenye nyasi za paa yakaingia kwenye kibuyu cha pombe. Jumbe alifunika kibuyu kwa mkono wake, akangoja. Alikuwa mtu wa adabu, hakuwahi kukatiza makofi ya mtu. Yalipokwisha akasema, "Tumesikia."

"Basi mpeni Lea makofi haya," Tusekile akasema, "na mimi nipeni nafasi yangu ya shule." Alisema hivyo kwa sababu alijua hatapata siku nyingine ya kulisema. Makofi yakampigia na hilo.

"Unaona?" Jumbe akamwambia. "Yenyewe hayataki kuondoka. Sisi tungefanyaje?"

Wazee wakaguna kukubali, kwamba kweli, tungefanyaje. Jumbe akasimama atoe hukumu. Alisema wahenga walinena, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa kuna mambo mawili na watoto wawili. Mmoja kapata makofi, na hakuna mtu atakayemnyang'anya kamwe. Mwingine apate nafasi ya shule, ambayo hata hivyo haipigi kelele. Kila mmoja aende na chake. Tena Tusekile, kwa kuwa makofi yalipigwa na kijiji, awe anaanzia shamba la Jumbe kila asubuhi ndipo aende kwa wengine.

Watu walisema hukumu kama hiyo hawajaisikia siku nyingi. Lea alimnong'oneza Tusekile pole, naye Tusekile akaitika, maana pole huitikwa. Njiani Bibi alilia. Alilia kwa hasira, bila kujificha, akawa anasimama kila penye mteremko kufuta macho kwa pembe ya kitenge, na Tusekile alimshika mkono mpaka nyumbani. Makofi hayakupiga njia nzima.

Mabati ya Mwalimu Filemoni yalifika kabla ya mwaka mpya. Yaliezekwa kwa siku moja na hayakuvuja hata tone. Lakini mvua ya mlimani huanza kwa manyunyu, kisha ikakaza, kisha ikamwagika yote, na juu ya bati hupiga vilevile kama watu walioanza kwa kidole kimoja. Kila ilipoanza, Mwalimu aliondoka kitandani akafungua mlango kuona kama Tusekile amesimama nje. Kisha akarudi kulala akiwa mkavu.

Januari lori la misheni lilipita. Tusekile alikuwa katikati ya shamba la Jumbe, lililo kando ya barabara, miguu imezama kwenye udongo mwekundu. Lori likasimama. Lea akashuka, blanketi la Premji begani, akaruka mfereji akaja mpaka kwenye matuta.

"Tuse, ile ya tangi," akasema. "Nasikia huko huanza kwa kukuuliza za mtihani. Nikisema tena kuhusu fundi, hawatacheka?"

"Watacheka."

Tusekile alichutama, akachora tangi kwenye udongo kwa kidole, akaligawa mafungu sita. Saa moja bomba linaleta mafungu mawili, akamwonyesha, na tundu linaondoka na moja. Linabaki moja. Saa ya pili hivyohivyo. Lea akahesabu mafungu kwa kidole mpaka la sita.

"Kumbe linajaa," akasema, "hata na tundu lake."

"Linajaa. Linachelewa tu."

Makofi yakaanza, yakapanda, na kunguru wakaondoka shambani kwa kundi. Dereva aliteremsha kioo akasikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga honi. Lea alimshukuru Tusekile kwa mikono miwili na goti. Alilitazama blanketi, akafikiri.

"Ningekuachia," akasema, "lakini wanasema Iringa kuna baridi."

"Kuna baridi," Tusekile akasema. "Nenda nalo."

Lori likapanda mlima, likakata kona, moshi wake ukabaki kidogo kwenye miti. Kunguru walipoona kimya wakaanza kurudi, mmojammoja, wakitua mwisho wa shamba kwanza. Tusekile akajiuliza hesabu ya ng'ombe, akaijibu, wakaruka. Akajiuliza ya ukuta na matofali, wakaruka. Walikuwa wengi na shamba la Jumbe lilikuwa kubwa. Kabla ya mchana alikuwa amemaliza hesabu zote za darasa la nne, na za darasa la tano hakuwa nazo, kwa hiyo akaanza tena na ile ya tangi.