Kona Inayokata Ukucha

Chuma kiliendelea kuzunguka kichwani mwa Tabita hata baada ya mashine kuzimwa. Asubuhi za Juni, ukungu unapoing'ang'ania mibuni ya Mlowo kama mgeni asiyetaka kuaga, alikuwa akisimama mlangoni pa karakana na kuiona shafti yake ikizunguka hewani, kimya, bila mtikisiko wowote. Halafu lori linapiga honi barabarani, ndoto inakwisha, na shafti yenyewe iko mezani, vipande viwili.

Ilikuwa ya pili hiyo. Zote mbili alizikereza yeye, kwa ajili ya mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Nyanzobe wa Kamsamba, na zote zilikatika palepale, begani, pale chuma kinapopunguzwa unene ili kiingie kwenye beringi. Ya kwanza ilipokatika aliambiwa aongeze unene, kama mafundi wote wanavyoambiana. Akaongeza. Ya pili ikakatika mapema zaidi.

Mzee Osea, baba yake na mwenye karakana, alikuwa na dawa moja tu ya shafti zinazokatika: fundi aondoke. Miaka sita nyuma alimfukuza fundi wake, Rabson, kwa kosa hilohilo, akisema ana mkono mzito, na ndipo Tabita aliposhika mashine ya kukereza. Sasa zamu ilikuwa imemfikia yeye.

"Ya tatu ikikatika," mzee alisema, tena bila hasira, na hilo ndilo lililouma, "utakwenda kuchuma kahawa na wenzako. Mashine nitaitafutia mtu."

Kuchuma kahawa si aibu. Nusu ya Mbozi imesomeshwa na kahawa. Lakini Tabita aliipenda mashine ile, harufu ya mafuta yake, na nyuzi za chuma zinazojikunja na kudondoka zikiwa bado za moto. Tena kulikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: huenda ni kweli. Huenda mkono wake ulizaliwa mzito, na hakuna wa kuutibu.

Kwa hiyo akafunga safari ya Tunduma kutafuta kitabu. Binamu yake Goodness, aliyesomea uhandisi, alimwelekeza kwa simu.

"Dada, kitabu cha kusanifu mashine usikichague kwa unene. Kiwe cha milimita, cha inchi kitakuchosha. Halafu fungua kurasa za shafti. Kama hakikupeleki hatua kwa hatua, kirudishe."

Muuza vitabu aliitwa Lwitiko. Alikuwa ametandaza turubai hatua chache kutoka mpakani, na bidhaa zake nyingi zilikuwa vitabu vilivyotumika, kutoka upande wa Zambia.

"Mwaiseni mukwai, dada!" akamlaki kwa Kibemba. " Karibu sana. Biblia? Hadithi?"

"Cha kusanifu mashine."

Lwitiko hakushtuka. Mtu wa mpakani hashtuki. Akainua kitabu kinene, kinachong'aa, chenye picha ya ndege kwenye jalada. "Hiki ndicho wanachotembea nacho mainjinia wenyewe."

Tabita alikifungua. Kilikuwa kizuri kama harusi ya watu, lakini kila kipimo kilikuwa cha inchi. Akakirudisha. Cha pili kilikuwa chembamba, maswali na majibu ya mtihani. Shafti zake zote zilikuwa nzima na majibu yake yote sahihi. Katika kitabu kizima hakuna kitu kilichowahi kukatika, na Tabita akajiuliza waandishi hao wanaishi nchi gani.

"Na kile?" akauliza.

Lwitiko aliona haya. Kilikuwa hakina jalada, kina madoa ya grisi, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. "Hicho mwenzangu wa hapo anafungia karanga."

Mficha uchi hazai. Tabita alifungua mkoba wake, akatoa kipande cha shafti na kukiweka juu ya turubai, mbele ya wapita njia waliogeuka kutazama mwanamke anayetembea na chuma. Akapekua polepole, huku akiomba kwamba kurasa za shafti zisiwe zimeliwa na karanga.

Zilikuwepo. Na katikati yake kulikuwa na picha ya shafti iliyokatika. Uso wake ulikuwa na mistari ya mviringo iliyoanzia ukingoni, mmoja baada ya mwingine, kama pete za kisiki cha mti. Tabita akashika kipande chake na kukilaza kando ya picha. Mistari ilikuwa ileile. Kelele za malori zikasogea mbali, zikawa kama mvua ya kijiji cha pili. Mtu fulani, mahali asipopajua, aliwahi kushika maumivu yake mkononi na kuyapiga picha.

"Nachukua hiki," alisema.

Siku tatu alikisoma barazani, kamusi ya Kiingereza pajani. Kitabu kilisema chuma huchoka. Kwamba hakikatiki siku moja. Kinaanza na ufa usioonekana, na kila mzunguko unauongeza kidogo, haba na haba, mpaka siku kinapokatika watu wanasema ni ghafla. Na ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Begani papewe mviringo mdogo, kilisema, ili nguvu ipite bila kujikwaa.

Tabita akafunga kitabu. Moyo ulimdunda kwa furaha, kisha furaha ikageuka.

Kwa sababu kona kali ilikuwa fahari ya baba yake. Tangu mtoto wa jicho amfunike macho, mzee alikagua kazi kwa ukucha wa dole gumba. Ukikwama begani, anatabasamu. "Kona inayokata ukucha ndiyo kona ya fundi," alikuwa akisema, na wanafunzi wake wote walifundishwa hivyo.

"Kinasemaje?" Sauti ilitoka nyuma yake. Mzee Osea alikuwa amesimama mlangoni, akiangalia upande ambao Tabita hakuwepo.

Hapo Tabita angeweza kusema chochote. Angesema kitabu kinalaumu chuma cha skrepa. Baba asingeweza kusoma, na karakana nzima ingelala salama. Akaitazama mikono ya mzee, ile iliyomlea, na akaona uongo utakuwa dharau kubwa kuliko ukweli.

"Kinasema kona ni kali mno, baba. Chuma huanza kuchoka hapo."

Mzee alipapasa meza akakipata kipande cha shafti, akapitisha ukucha begani. Ukakwama. Akaupitisha tena, na tena, bila tabasamu. Tabita aliogopa, na alimhurumia.

"Rabson yuko wapi siku hizi?" mzee akauliza hatimaye.

"Mkwajuni. Anaziba pancha za pikipiki."

"Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Nipe simu."

Tabita akapiga, akamkabidhi. Ikaita mara mbili. "Shikamoo mzee," ilisikika sauti ya upande wa pili, yenye wasiwasi. Mzee Osea, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusahau kuitikia salamu, hakuitikia.

"Rabson," alisema, "mkono wako haukuwa mzito."

Tabita akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha akainuka, akaenda kuwasha mashine.