Walivyomlilia Mama Nshobole

"Siyakufa, Ferdinand! Siyakufa! Basi nielezee, huyu mama wa kwenye fulana ni nani?"

Nshobole alikuwa ameishika fulana nyeupe kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake, kama mtu aliyeokota panya. Ferdinand, mkuu wa kundi lao la maigizo na rafiki yake wa miaka mingi, alisimama kati ya kamba ya nguo na pipa la maji. Alikuwa amevaa fulana ya aina hiyohiyo, na jasho lilikuwa limeibandika sura ya Nshobole kifuani mwake.

"Mama Christa, ni kosa la mutu wa mashine."

"Na wewe macho yako yalikuwa wapi?"

Katika picha Nshobole alizungushiwa maua ya waridi. Kushoto mshumaa, kulia mshumaa. Chini yake mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu. Chini zaidi, kwa maandishi ya rangi ya dhahabu: Tutakukumbuka daima.

"Nilimuambia tunamufanyia mama yetu hommage, mwandishi mukubwa. Akasema sawa, modeli yake iko tayari ndani ya mashine, kwenye ordinateur. Lakini angalia, mwaka wa mwisho hakuweka. Aliacha nafasi."

"Aliacha nafasi! Nimupelekee asante?"

Fundi yule asilaumiwe sana. Katika mtaa wao wa Ndosho, fulana ya picha huchapwa kwa ajili ya mgombea au maiti, na Nshobole hakuwa anagombea kitu.

"Mulipita nazo wapi?"

Ferdinand akatazama pipa la maji. "Tulizunguka kidogo na moto, zile pikipiki. Kutangaza."

"Kidogo mpaka wapi?"

"Katindo. Majengo." Akakohoa. "Munigi."

Nshobole akafumba macho. Aliuona msafara mzima: pikipiki zinafuatana polepole, kila mtu na sura yake kifuani, honi zikilia. Hakuna mtu Goma asiyejua msafara wa namna hiyo unatoka wapi na unaelekea wapi. Ndiyo maana simu yake ilikuwa ikiita tangu saa saba mchana. Iliita tena. Alikuwa Christa, binti yake wa kwanza, kutoka Bukavu, na kilichosikika ni kilio tu.

"Christa, nyamaza. Ni miye. Ndiyo, ni miye mwenyewe, nani mwingine atashika simu yangu? Umekula? Basi enda ukule." Akakata.

Alitupa fulana juu ya kamba, akavuka ua mpaka ukuta wa mawe, akarudi. Hakuwa mtu wa kukaa, na siku hiyo miguu yake ilikataa hata kusimama. Fulana ilimchoma, ndiyo, lakini hasira yenyewe ilikuwa na mzizi mwingine.

Hommage, sherehe ya kumuenzi, ilikuwa kesho yake, Jumamosi, katika ukumbi wa parokia. Hotuba, kisha shada la maua, kisha vipande vya mchezo wake wa zamani, Mukwe wa Ibanda. Basi. Mchezo wake mpya ulikuwa umefutwa kwenye programu, na habari hiyo alikuwa ameisikia kwa mtu mwingine, siyo kwa Ferdinand.

Nshobole alianza kuandika akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Mchezo wa kwanza aliutunga kwa sikukuu ya parokia, wanafunzi wakiwa waigizaji na kikwembe cha mama yake kikiwa pazia. Kisha ukaja Mukwe wa Ibanda, kichekesho cha kijana wa Bukavu anayekwenda kuposa na mbuzi wa kuazima, na mbuzi anatoroka kila baba mkwe anaponyoosha mkono kumshika. Mchezo huo ulimpa jina. Baada yake aliandika Kiti cha Papa Shefu. Wakati wa kipindupindu aliandika Ndoo Mbili, na hapo mashirika yakaanza kumpigia simu. Mama, tuandikie juu ya choo. Tuandikie juu ya chandarua. Tuandikie juu ya kunawa mikono, na usisahau, mwishoni wote wakubaliane na wacheze ngoma. Aliandika. Watoto wake watatu walisomeshwa na choo na chandarua, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya mtu yeyote. Lakini popote alipopita, soko la Virunga au penye foleni ya maji, watu walimpigia kelele ileile moja: "Mama, mbuzi iko wapi?" Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mchezo ulipoanza nao walikuwa wakimuuliza mbuzi iko wapi.

Mchezo mpya ulikuwa Chini ya Jiwe. Ndugu wawili wanarudi Munigi kwenye kiwanja cha marehemu baba yao baada ya volkano. Kila kitu kimefunikwa, jiwe jeusi kutoka upande mmoja wa upeo wa macho hadi mwingine. Mmoja anasema nyumba ilikuwa hapa. Mwingine anasema pale. Mama yao mzee anasema wote wawili wamekosea. Hakuna mbuzi ndani yake, hakuna ngoma mwishoni, na hakuna anayekubaliana na mwenzake. Walikuwa wameufanyia mazoezi msimu mzima wa kiangazi, humuhumu uani, mpaka kila mwigizaji akaujua kama sala ya Baba Yetu. Kisha likaja wazo la hommage.

"Tutaicheza kisha," alisema Ferdinand.

"Kisha ya nini?"

"Kisha ya hommage, Mama Christa."

"Kisha ya hommage hakuna kitu! Mutu akishapewa maua na hotuba, nani anamuuliza tena yuko anaandika nini? Kesho mutanikalisha kwenye fotei ya mbele, nitapiga makofi kwa kazi ya ujana wangu, na kesho kutwa munifunike. Yule fundi wa mashine alielewa vizuri kuliko wewe."

"Usiseme vile." Ferdinand sasa aliacha kujitetea, akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Unakumbuka Dirisha la Sake?"

Alikumbuka. Ulikuwa mchezo wake mpya wa mwisho kufika jukwaani. Watu walianza kutoka kabla ya sehemu ya pili, mmoja mmoja, wakiinama kama wanaotoka misa kabla ya baraka. Mwishoni walibaki jamaa za waigizaji na mzee mmoja aliyelala.

"Batu bamechoka," Ferdinand akaendelea. "Banki zimefungwa, ndege hakuna, kila nyumba iko na yake. Banataka kucheka. Miye sikatai muchezo yako mupya ni muzuri. Nasema batatoka."

Kabla Nshobole hajajibu, ukapigwa ukelele mlangoni pa ua.

Alikuwa Mapendo, binti wa baba yake mdogo, aliyekuja mbio kutoka Munigi. Aliingia mikono kichwani, akaanguka chini, ila alichagua mahali pasipo na mawe makali, na akaanza kumwita marehemu kwa majina yake yote.

"Mapendo," Nshobole akasema. "Inuka, unachafua kikwembe."

Mapendo akainua uso. Akapiga ukelele wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Kisha akasimama, akamshika Nshobole mabega, akamgusa mashavu, na alipohakikisha ni nyama na damu akamtandika kofi mkononi.

"Nimelia toka Munigi mpaka hapa! Mutu wa moto naye alilia! Sasa nitamuambia nini?"

"Muambie apunguze haraka."

Lakini nyuma ya Mapendo mlango haukufungwa tena. Waliingia majirani wa upande wa juu, wakaingia wa upande wa chini, wakaingia mama wa kwaya wakiwa wameshafunga vitambaa vya msiba kichwani. Wakaingia vijana wawili wakisukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyopakiwa viti vya plastiki mpaka juu, na mbele yao Papa Balagizi, msimamizi wa vyombo vya kilio vya avenyu nzima. Huyu ni mtu ambaye msiba ukitokea viti hufika kabla ya padri, na anajivunia jambo hilo.

"Papa Balagizi," Nshobole akamkabili. "Unaniona?"

"Nakuona, Mama."

"Niko muzima?"

Mzee akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, bila furaha kubwa. "Naona uko muzima. Lakini shitingi ya kivuli imeshafungwa inje, na bamama banachemusha maharagi."

"Rudisha viti."

"Viti vya kilio, Mama, vikitoka depo havirudi bila kukaliwa. Ni mukosi."

Na kweli vilikuwa vikikaliwa. Watu wakaviteremsha wenyewe, wakavipanga safu kwa safu kuelekea mlango wa nyumba, kama walivyozoea, wakaketi. Viti vilipokwisha wakasimama kando ya ukuta. Hakuna aliyejua cha kufanya. Msiba haukuwepo, na kuondoka haraka kungefanana na kukasirika kwamba mtu hakufa. Wakabaki wameweka mikono mapajani, wakimtazama.

Nshobole akasimama mbele yao kuomba radhi. "Batu bangu, poleni. Ni kosa la fulana. Asanteni kwa kunipenda, murudi nyumbani na amani."

Hakuna aliyeinuka. Katika safu ya pili Mama Marie-Louise, jirani aliyegombana naye kwa ajili ya mfereji tangu mvua za mwaka jana, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mama Christa, miye njiani nilikuwa nimeshakusamehe mambo yote. Nikae na ule musamaha ao niurudishe?"

"Kaa nao. Sitaki kesi mbili."

Ua mzima ukacheka. Kicheko kilitoka ghafla, kikubwa, cha watu waliokuja wamebana vifua kwa ajili ya kulia. Nshobole alikisikia kikimpiga usoni. Ukumbi wa parokia haukuwahi kumpa watu wa namna hii. Hawa hawakuja kupoteza jioni.

Kutoka ukutani kijana mmoja akapaza sauti: "Kama hakufa, basi mbuzi iko wapi?"

Wakapiga makofi. "Mbuzi! Mbuzi!" Mama wa kwaya wakaanza kuimba wimbo wa kuposa wa mchezo ule, maneno yote, bila kukosea.

Ferdinand akamsogelea, uso umeng'aa. "Unaona? Tuwape sini ya mbuzi, kile kipande kimoja, dakika kumi tu. Bataenda nyumbani wakicheka, na kesho batajaza ukumbi."

"Kaswera iko wapi?"

"Juu ya nini Kaswera?"

Kaswera, mwigizaji wao mkubwa, mama wa Kinande aliyecheza kila nafasi ya mwanamke tangu Ndoo Mbili, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Hakuwa akipiga makofi. Alikuwa akimtazama Nshobole tu, na Nshobole akamtazama.

Ferdinand akaona macho yao yanavyokutana. "Hapana," akanong'ona. "Hapana, Mama Christa. Batu bamekuja kwa kilio. Ukiwaletea ile mupya leo, na bakainuka, kesho habari itakuwa imefika kila kartie. Hakuna mutu atakuja ukumbini. Na ile muchezo hautaicheza tena hata siku moja. Unasikia? Hata siku moja."

Alisema kweli. Nshobole alijua anasema kweli. Kama wangetoka, wangetoka hapa, jua likiwaka, na hapangekuwa na giza la ukumbi la kumficha. Angewaona migongo mmoja mmoja, na ingekuwa migongo ya majirani. Kumpa mtu mbuzi wake ni rahisi, na tena wangempenda zaidi.

Wimbo wa kuposa ulifika ubeti wa tatu. Akajaribu kujiona kesho, kwenye fotei ya mbele, mikono mapajani, shada limelazwa miguuni, akisikiliza watu wakimweleza alikuwa nani. Miguu yake ikaanza kutembea kuelekea mlango wa nyumba kabla hajamaliza kulifikiria.

"Kaswera! Chini ya Jiwe. Sasa hivi, toka mwanzo."

Kaswera akainuka, akavua viatu.

"Na kaka mukubwa?" Ferdinand akauliza, sauti imepanda. "Kaka mukubwa ni miye, na miye sichezi!"

"Basi nitaicheza miye. Niliiandika, nitaisahau wapi?"

Akainua mkono. Kwaya ikanyamaza, sauti moja nyuma ya nyingine. Nshobole akajifunga kikwembe upya kiunoni, akashuka ngazi za mlango kwa hatua nzito za mwanaume aliyetembea mbali, na akaja moja kwa moja hadi safu ya mbele, ambako Papa Balagizi alikuwa amekwisha kupachika mguu juu ya mwingine.

"Toka hapo," akamwambia.

"Nini, Mama?"

"Nasema toka. Umekaa juu ya jiko ya mama yangu."

Papa Balagizi akamtazama Ferdinand. Akamtazama Kaswera, aliyekuwa akija pekupeku, amejikunja kiuno, ghafla mzee kuliko watu wote uani. Kisha akatazama chini, kwenye mawe meusi kati ya miguu ya kiti chake. Akainuka, akakibeba kiti, akarudi nyuma hatua kadhaa. Na nyuma yake safu nzima ikaanza kuinuka, kila mtu na kiti chake, wakitazama chini kuona wamekanyaga chumba cha nani.