Maneno ya Dokta Mizani

Jumatatu saa mbili na nusu Mkurugenzi wa maabara aliomba taarifa ya dawa ya homa ya watoto, na mkemia pekee wa kike akasimama. Wenzake walimwita Dokta Mizani, maana kila kitu alikipima mara tatu. Alifungua mdomo, na maneno yakadondoka mezani yakiwa chembechembe nyeupe, kama chumvi ya mawe. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa, ndani ya jengo lile tu, na mhudumu alishazoea kumwekea sahani.

Mkurugenzi alikoroga chembe mbili kwenye chai yake. Siku zote aliyanywa hivyo maneno ya mwanamke huyo, kisha akayasema yeye, akapigiwa makofi. Hata dawa yenyewe aliibuni mkemia huyo, ikapitia kwenye kikombe hicho ikawa ya Mkurugenzi. Safari hii alitema.

"Machungu. Tuendelee."

Mfagiaji, mama mcheshi asiyekosa neno, alichovya kidole kwenye chembe, akakilamba kabla ya kumwaga sahani. Ucheshi ukamwisha.

"Dada, kumbe dawa ikikaa kwenye joto miezi miwili inageuka sumu?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Na wakubwa wamesikia?"

"Wamesikia chai imeharibika."

Dokta Mizani aliwaandikia wakubwa barua nne akiwa ofisini. Zilifika zikiwa bahasha za chumvi. Alikuwa anatwanga maji kwenye kinu, na alijua. Nyumbani alimwambia mdogo wake, naye akaitupa chupa ya dawa ya mwanawe siku hiyohiyo. Watoto kumi na mmoja ambao hawakuwa na mama mkubwa maabarani walikufa.

Tume ya kuchunguza vifo hivyo ilikaa palepale maabarani, kwenye chumba cha mikutano.

"Wewe ni mtaalamu," mwenyekiti alimwambia. "Kwa nini hukusema?"

Alijibu kwa dakika arobaini. Karani aliyakusanya majibu, akayapima, akaandika: gramu mia mbili na nane, rangi nyeupe. Hakuna aliyeonja. Ripoti ilisema shahidi alinyamaza. Mkurugenzi alipandishwa cheo.

Nje, getini, mama wa mmoja wa watoto waliokufa, aliyekuwepo kwenye kikao cha tume, alimshika mkono.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama." Sauti ilitoka sawasawa. "Nilisema kikaoni. Niliandika barua."

Yule mama hakuuachia mkono.

"Mbona huku nje unasema vizuri tu?"

Kwa aibu Dokta Mizani aliuchomoa mkono wake, akaondoka. Kesho yake alikwenda kazini.